A.P. Carter: aliyetuachia wimbo wa familia isiyovunjika, huku yake ikivunjika

Kila tunapoucheza wimbo Can the Circle Be Unbroken wa Carter Family, simu huingia. Mmoja anataka urudiwe, mwingine anatuma ujumbe kwamba uliimbwa siku ya kumzika mama yake. Na karibu kila mara kuna anayeuliza: huyo Carter alikuwa nani, na wimbo huo ni wa kanisa au ni wa bendi? Swali la pili ndilo gumu. Jibu lake limo katika maisha ya mtu mmoja, Alvin Pleasant Carter, ambaye wapenzi wa muziki wa kantri humwita kwa herufi mbili tu, A.P.

Wimbo ulirekodiwa New York mwezi wa Mei 1935. Ndani yake mtoto anasimulia siku ya maziko ya mama yake: anaona gari la maiti likija, anamsihi dereva asikimbize, anafuata hadi kaburini, kisha anarudi kwenye nyumba tupu. Kiitikio kinauliza kama jamaa watakutana tena wote mbinguni, bila hata mmoja kukosekana. Waimbaji walikuwa watatu: A.P., mkewe Sara, na Maybelle, aliyeolewa na mdogo wake A.P. Siku hiyo wanasimama mbele ya maikrofoni, Sara alikuwa ameshahama kwa mumewe tangu 1933. Mwaka uliofuata mahakama iliivunja ndoa yao rasmi. Wasikilizaji wa wakati ule hawakujua hata kidogo.

Tuanze huko kijijini. A.P. alizaliwa 1891 mahali paitwapo Maces Spring, katika kaunti ya Scott, kusini magharibi mwa jimbo la Virginia, Marekani. Ni nchi ya milima. Bonde lao linaitwa Poor Valley, yaani Bonde la Umaskini, na ukiuvuka mlima wa Clinch unaingia Rich Valley, Bonde la Utajiri. Majina hayo yalitokana na udongo. Upande wa kina Carter ardhi ilikuwa nyembamba na yenye mawe, upande wa pili ilikuwa na rutuba. Yeye alikuwa kifungua mimba katika watoto wanane.

Alizaliwa na mtetemeko. Mikono yake ilitetemeka na sauti yake pia ikawa na mtikisiko ambao unausikika hadi leo kwenye santuri zake. Mama yake, Mollie, aliamini kuwa chanzo ni radi iliyopiga mti karibu naye alipokuwa mjamzito. Watu wa bonde waliliamini hilo, na kijana akakua akijulikana kuwa wa ajabu kidogo, mwenye wasiwasi, asiyetulia mahali pamoja. Alikuwa na desturi ya kutembea peke yake kando ya reli, mikono nyuma, akinung'unika tuni fulani. Baba yake alipiga muziki ujanani akauacha alipoanza kushika dini sana, kwa hiyo muziki uliobaki ndani ya nyumba ulikuwa nyimbo za kanisa na hadithi za kale ambazo mama aliziimba akifanya kazi. Mjomba wake mmoja alifundisha kuimba makanisani, na hapo ndipo A.P. alipojifunza kuimba sauti ya chini.

Kijana huyo alijaribu kutoka. Alikwenda jimbo la Indiana kufanya kazi ya reli, akarudi nyumbani mgonjwa. Kisha akawa mchuuzi wa miche ya miti ya matunda, anatembea vijiji na vijiji akiandika oda za tofaa na pichi. Kazi hiyo tuitilie maanani, kwa sababu ndiyo iliyomfundisha kubisha hodi nyumba ya mtu asiyemjua, kuketi, kusikiliza, na kuondoka na kitu.

Katika safari hizo alivuka mlima akafika Copper Creek, huko Bonde la Utajiri. Inasimuliwa kwamba alimkuta msichana anaimba huku akipiga autohapi. Hiyo ni ala ya nyuzi nyingi kama kinubi kilicholazwa ndani ya sanduku, na ina vibonyezo vinavyozima nyuzi zisizotakiwa ili zile zinazobaki zitoe sauti zinazopatana. Msichana alikuwa Sara Dougherty, aliyezaliwa 1898. Mama yake alifariki Sara akiwa mdogo sana, akalelewa na ndugu wa ukoo. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, isiyo na madoido yoyote. Walioana Juni 1915, akahamia ng'ambo ya mlima, kwenye ardhi ya mawe.

Maisha hayakuwa rahisi kwa Sara. Mume ni mtu wa kuondoka. Alikuwa akiaga asubuhi na hakuna ajuaye atarudi lini, na mke ndiye anayebaki na kuni, maji, ng'ombe, bustani na watoto. Walipata watatu: Gladys, Janette na Joe. Jioni waliimba pamoja, na watu waliwaalika shuleni na kanisani. Mwaka 1926 mdogo wake A.P., Ezra, aliyeitwa Eck, alimwoa Maybelle Addington, binamu yake Sara, msichana aliyezaliwa 1909. Huyo binti aliijua gitaa.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana wanaojifunza gitaa huko vijijini wengi wanapiga kama Maybelle bila kujua jina lake. Kabla yake, katika muziki wa namna hiyo, gitaa lilikuwa la kusindikiza tu. Maybelle alitumia kidole gumba kuupiga wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene za chini, na wakati huohuo kidole cha shahada kikipangusa nyuzi nyembamba kutunza mdundo. Msikilizaji husikia kama magitaa mawili. Wildwood Flower, waliyoirekodi 1928, ndiyo wimbo ambao vijana wengi wa Marekani walianzia kujifunza gitaa. Kwa maoni yetu, ukiondoa sauti ya Sara na gitaa la Maybelle, Carter Family haipo. A.P. mwenyewe alikuwa akiimba anapojisikia, na katikati ya wimbo angeweza kunyamaza au kuzungukazunguka chumbani.

Lakini ni yeye aliyewapeleka Bristol. Mwishoni mwa Julai 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alifika mji huo ulio mpakani mwa Virginia na Tennessee, akaweka mitambo katika jengo lililokuwa la kiwanda cha kofia, na habari zikatangazwa kuwa anatafuta waimbaji wa milimani. Malipo yalikuwa dola 50 kwa kila wimbo. Kwa mkulima wa Bonde la Umaskini hizo zilikuwa fedha za kutisha. A.P. aliazima gari la Eck, na kwa malipo akaahidi kumpalilia shamba la mahindi. Bristol ni kilomita 40 hivi kutoka kwao, lakini njia ilikuwa ya mawe na mito isiyo na madaraja, na pancha ziliwaandama. Ndani ya gari hilo mlikuwa na A.P.; Sara na mtoto Joe anayenyonya; Gladys wa miaka minane wa kumbeba mtoto mama akiimba; na Maybelle, umri miaka 18, mimba kubwa tumboni.

Tarehe 1 na 2 Agosti walirekodi nyimbo sita. Peer alisikia sauti ya Sara akajua amepata. Siku ya pili A.P. hakuwepo studioni, na wanawake wawili waliimba peke yao Single Girl, Married Girl, wimbo unaolinganisha raha ya msichana na dhiki ya mke mwenye watoto. Sara hakuupenda na hakutaka kuuimba. Ukawa mmoja wa zile zilizouza vizuri zaidi katika sita hizo. Sisi tunaousikiliza sasa, tukijua yaliyofuata, tunaona vigumu kuamini kwamba aliimba tu bila kuwaza nyumbani kwake.

Siku mbili baadaye, tarehe 4, jengo hilohilo, Peer alimrekodi mtu wa reli mwenye kifua kikuu aitwaye Jimmie Rodgers. Jina hilo lina mkondo wake hadi kwetu. Santuri za Rodgers zilifika Bonde la Ufa nchini Kenya, na vijana wa Kipsigis waliozisikia kwenye gramafoni walilitamka jina lake Chemirocha, wakamtungia nyimbo zao wenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika na mitambo ya kurekodi, alizinasa huko Kericho. Kwa hiyo wale wanaosema muziki wa kantri ni wa kuletwa juzi na redio za mijini, waambiwe kwamba bibi zetu walishaucheza.

Turudi kwa A.P. Peer hakutegemea mshahara wa kampuni. Utajiri wake ulikuwa katika hakimiliki. Sheria ya Marekani ya 1909 iliweka hadi senti 2 kwa kila nakala ya wimbo inayotolewa, ziende kwa mwenye wimbo. Senti 2 ni kidogo, lakini zidisha kwa maelfu ya santuri. Basi Peer alitaka nyimbo ambazo hakuna aliyeziandikisha: ziwe mpya, au ziwe za zamani kiasi kwamba hazina mwenyewe, au zimebadilishwa kiasi cha kuonekana mpya. Aliziandikisha kupitia kampuni yake ya kuchapisha, mwimbaji akapata sehemu ya mrabaha. Carter Family walihitaji nyimbo nyingi, na A.P. hakuwa mtungaji wa kukaa mezani. Alikuwa mchuuzi wa miche. Akarudi barabarani.

Alipita nyumba kwa nyumba, makanisani, viwandani, kwa wachimba makaa. Akisikia kwamba kuna kikongwe fulani nyuma ya mlima anaujua wimbo wa zamani, alikwenda. Aliandika maneno kwenye karatasi chakavu akazijaza mifukoni. Shida yake ilikuwa tuni. Maneno aliyashika, sauti zilimtoka kabla ya kufika nyumbani.

Aliyeokoa jahazi ni Lesley Riddle. Tunaomba jina hili likumbukwe, kwa sababu halikuandikwa kwenye santuri hata moja ya Carter Family. Riddle alikuwa Mwamerika mweusi, mzaliwa wa North Carolina mwaka 1905, akiishi Kingsport, Tennessee. Ajali katika kiwanda cha saruji ilimkata mguu mmoja, na ajali ya bunduki ilimwondolea vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa vidole vilivyobaki akapiga gitaa kuliko wengi wenye mkono mzima. A.P. alikutana naye mwaka 1928, na kwa miaka kadhaa wakasafiri pamoja. A.P. aliandika maneno, Riddle akaibeba tuni kichwani hadi Maces Spring, akawaimbia Sara na Maybelle. Maybelle alijifunza kwake namna kadhaa za kupiga, na The Cannon Ball ni wimbo uliotoka kwake.

Fikiria zama zenyewe. Ilikuwa Virginia ya ubaguzi wa kisheria. Mweusi na mweupe hawakai behewa moja, hawasomi shule moja. Wanaume hawa wawili walitembea barabara moja, na Riddle alilala nyumbani kwa kina Carter kwa wiki nzima nzima. Hilo ni la kumsifu A.P. na hatuna haja ya kumnyima. Ila nyimbo walizozipata ziliandikishwa kwa jina la A.P. Carter. Na mrabaha ulifuata jina.

Je, alikuwa mwizi? Tumebishana sana kuhusu hili hapa kituoni, na hatujakubaliana wote. Wapo wanaosema kwamba bila yeye nyimbo hizo zingekufa na wale wazee, na kwamba alizikata, akaziunga, akabadilisha mashairi, hiyo nayo ni kazi. Ni kweli. Lakini yule mama wa nyuma ya mlima aliyemwimbia jikoni alibaki na kikombe cha kahawa alichompa mgeni, na wimbo ukaenda mjini ukawa na mwenyewe mwingine. Tunalisema hili kwa sababu hata kwetu hupita watu na simu za kurekodi wakiwaomba bibi waimbe nyimbo za unyago, za kupeta nafaka, za kubembeleza watoto. Mnatuuliza kama ni sawa. Kuimba ni sawa. Kabla hajaondoka muulize wimbo utaandikwa kwa jina la nani, na mtaje mliyejifunza kwake, hata kama ameshakufa.

Wimbo wetu wa 1935 ni mfano mzuri. Mwanzoni ulikuwa wimbo wa kanisa uliochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno yaliandikwa na Ada Habershon, mwanamke Mwingereza wa London, na tuni ikatungwa na Charles Gabriel wa Marekani. Habershon alifariki 1918. Wimbo wake ulikuwa wa mahubiri, unawaita watu watafakari kama watakutana na jamaa zao mbinguni, na hauna gari la maiti wala mtoto anayerudi kwenye nyumba ya msiba. Katika toleo la Carter Family kiitikio kimebadilishwa kidogo, na beti za maziko zimeingizwa mahali pa zile za mahubiri. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoufanya wimbo ukae. Mtu yeyote aliyewahi kumzika mama anajua ile saa ya kurudi nyumbani, wageni wakiwa wameshatawanyika. Ndiyo sababu jibu letu kwa anayeuliza kama ni wa kanisa au ni wa bendi ni kwamba ni wa vyote viwili, na kwamba kwenye santuri lilisomeka jina moja tu.

Wengine nao walimchukulia A.P. alivyowachukulia. Woody Guthrie alipotunga This Land Is Your Land mwaka 1940, tuni aliitwaa kwenye wimbo wa Carter Family, ambao wao walikuwa wameutwaa kanisani.

Sasa tuseme la nyumbani. A.P. akiwa barabarani kutafuta nyimbo, Sara alibaki bila mtu wa kumpeleka popote. A.P. mwenyewe alimwomba binamu yake, Coy Bayes, kijana mwenye gari, awe anamsaidia. Coy alikuwa na macho ya buluu na muda wa kukaa. Yaliyotokea mnaweza kuyakisia. Ukoo ulipojua, wazazi wa Coy walifunga virago wakahamia California mwaka 1933, mbali kabisa, upande wa pili wa Marekani. Barua alizoandikiana na Sara hazikuwa zikifika. Mama yake Coy alizizuia. Sara hakukaa kwa A.P. Alivuka mlima akarudi kwa ndugu zake Copper Creek, na watoto wakabaki zaidi upande wa baba.

Bendi haikufa. Hilo ndilo jambo ambalo hutushangaza kuliko yote. Mke aliyeondoka na mume aliyeachwa waliendelea kukutana studioni, wakaimba pamoja, na kwenye picha walisimama kama familia. Wakati ule wa mdororo wa uchumi fedha zilikuwa adimu, na kila mmoja alihitaji kazi. Hivyo Mei 1935 wakasafiri New York, wakarekodi makumi ya nyimbo kwa siku chache, huu ukiwa mmoja wao. Sara, aliyempoteza mama utotoni, ndiye anayeongoza beti za yule mtoto. A.P. anaingia kwenye kiitikio kwa ile sauti yake inayotikisika, anauliza pamoja nao kama jamaa watabaki pamoja. Usikilize tena ukijua hayo.

Mwisho wa ndoa hii uliletwa na redio, na sisi watu wa redio hatuwezi kulipita. Mwaka 1938 Carter Family walipewa mkataba wa kuimba kwenye kituo cha XERA, kilichokuwa Villa Acuña upande wa Meksiko, ng'ambo ya mto tu kutoka mji wa Del Rio, Texas. Mwenye kituo alikuwa John Brinkley, tabibu aliyetajirika kwa kuwapandikizia wanaume korodani za mbuzi akidai zinarudisha nguvu za ujana. Marekani ilimnyang'anya leseni ya redio na ya utabibu, akavuka mto akajenga mnara Meksiko, ambako sheria za Marekani za nguvu za mitambo hazikumgusa. Mitambo yake ilifika wati 500,000, mara kumi ya kiwango cha juu kilichoruhusiwa Marekani. Usiku ilisikika karibu nchi nzima hadi Kanada. Kina Carter waliimba mara mbili kwa siku, na baina ya nyimbo yalitangazwa madawa ya kila maradhi na rangi ya nywele. Wanaosikiliza matangazo ya waganga siku hizi watatabasamu.

Mamilioni ya watu wa vijijini waliokuwa hawana hata fedha za santuri waliwajua kwa njia hiyo. Walikuwa na redio ya betri, na jioni wanakaa nje wakisikiliza. Siku moja, mwanzoni mwa 1939, Sara alitangaza mbele ya maikrofoni kwamba wimbo unaofuata anampa rafiki yake Coy Bayes, California. Wimbo ulikuwa I'm Thinking Tonight of My Blue Eyes, wa kumkumbuka mpenzi wa macho ya buluu aliye mbali. A.P. alikuwa kwenye bendi hiyohiyo. Na huko California, mamia ya kilomita nyingi, kina Bayes walikuwa wamewasha redio. Coy alisikia. Aliwasha gari akaenda Texas, na tarehe 20 Februari 1939 wakaoana katika mji wa Brackettville. Miaka sita ya barua zilizozuiwa ikamalizwa na salamu za redio za dakika tatu. Ninyi mnaotutumia majina ya kuwasalimia Jumamosi, mjue mnachokifanya.

A.P. aliendelea kuimba nao. Walirekodi mara ya mwisho mwaka 1941, wakafanya kipindi cha redio Charlotte, North Carolina, na mwaka 1943 kundi likaisha. Sara alimfuata mumewe California, akaacha muziki bila kujuta sana, kwa kadiri inavyoonekana. Maybelle alichukua binti zake watatu akaanzisha kundi lake. Mmoja wao, June, baadaye aliolewa na Johnny Cash. A.P. alirudi Maces Spring peke yake.

Alifungua duka karibu na reli. Waliomfahamu wakati huo wanamkumbuka kama mzee mrefu, mwembamba, mwenye kupita barabarani akinung'unika, ambaye majirani walisahau kwamba aliwahi kuwa mtu mkubwa. Hakuoa tena. Kati ya 1952 na 1956 Sara alikuja kutoka California wakarekodi tena pamoja na watoto wao Janette na Joe, kwa kampuni ndogo ya Kentucky. Santuri hizo hazikupata soko. A.P. alifariki tarehe 7 Novemba 1960, umri miaka 68, wakati vijana wa mijini wakianza tu kuzigundua nyimbo zake upya. Mwaka 1970 Carter Family waliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri, kundi la kwanza kupewa nafasi hiyo. Mwaka 1972 ikatoka albamu ya vijana wa Nitty Gritty Dirt Band wakiwa na wakongwe, Maybelle akiwemo, na jina la albamu wakalichukua kwenye ule wimbo wa 1935.

Lesley Riddle alihamia Rochester, jimbo la New York, na gitaa akaliweka pembeni kwa miaka mingi. Mwaka 1965 mwanamuziki Mike Seeger alimtafuta, baada ya Maybelle kumweleza kwamba kuna mtu huyo. Seeger alimrekodi kwa miaka kadhaa iliyofuata. Ukitaka kumsikia, zipo. Ni mzee mwenye sauti laini na vidole vitatu vya mkono wa kulia, akipiga nyimbo ambazo mara ya kwanza utadhani ni za Carter Family.

Kabla baba yake hajafa, Janette alimwahidi kwamba atauendeleza muziki huo palepale bondeni. Mwaka 1974 alianza kuandaa maonyesho ndani ya lile duka la zamani, na miaka miwili baadaye familia ikajenga ukumbi wa mbao kando yake. Hadi leo watu hukusanyika hapo Jumamosi jioni. Kanuni ya Janette ilikuwa kwamba magitaa ya umeme hayaruhusiwi. Johnny Cash peke yake ndiye aliyesamehewa, na hapo ndipo alipoimba hadharani mara ya mwisho, Julai 2003, wiki chache baada ya kumzika June.

Sara alifariki California, Januari 1979. Mwili wake ulirudishwa Virginia ukazikwa kwenye makaburi ya kanisa la Mount Vernon, hatua chache kutoka alipozikwa A.P. Mawe yote mawili yana alama moja, santuri ya Keep on the Sunny Side.